Gari la Chini, Jiji la Miamba

Kwenye gereji nyingi za Mwanza, kazi ya springi maana yake ni kunyanyua. Mwenye IST anakuja kutiwa spesa, mwenye Spacio vilevile, na sababu haihitaji maelezo: huko yanakolala magari yao, Buhongwa au Nyasaka, lami huishia njiani na jiwe huanzia hapo. Kisha siku moja inaingia Altezza ya rangi ya fedha, rimu zinang'aa, na mwenyewe anataka kinyume chake. Anataka ishuke. Mafundi wanatazamana, mmoja anamuuliza kama amehamia Dar, mwingine anakwenda kuchukua grainda.

Hapo kwenye grainda ndipo penye kesi.

Kushusha gari si kosa. Gari la spoti lililoshuka kwa kipimo hukata kona vizuri zaidi, halilali upande linapozunguka Capripoint, na machoni pa wenyewe linapendeza, jambo ambalo mtu ana haki ya kulilipia. Kosa ni kudhani kwamba kinacholipiwa ni sentimita. Sentimita ni rahisi, grainda inazitoa kabla chai haijapoa. Kinachogharimu ni kubaki na mgongo mzima baada ya hapo, na hilo linategemea vitu visivyoonekana gari likiwa limeegeshwa: shokapu, bushi, na nafasi iliyobaki kabla chuma hakijagonga chuma.

Chukua umri wa magari yenyewe. Altezza ilitengenezwa Japani kati ya 1998 na 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imeshatimiza miaka 20. Mark X ya kwanza ilianza 2004. Impreza zenye umbo linalopendwa sana mjini ni za miaka hiyohiyo. Raba iliyotengenezwa 2001 haijali kwamba kilomita kwenye dashibodi ni chache, inakauka na kupasuka tu. Shokapu nazo zilikwishachoka kabla gari halijashushwa melini, halafu zikapigishwa safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam hadi ziwani. Mwenye gari akiona linadunda, anadhani ndivyo magari ya spoti yalivyo. Sivyo. Anaendesha gari bovu.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza unawaudhi vijana: kabla ya kushusha chochote, gari lirudishiwe afya. Lipelekwe polepole kwenye rasta na lisikilizwe. Mlio mkavu wa kong-kong mara nyingi ni linki za stabilaiza au boljointi. Mlio mzito, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi, mara nyingi ni bushi za amu ya chini au raba ya juu ya shokapu. Kisha fenda ibonyezwe kwa nguvu na kuachiwa: gari linapaswa kupanda mara moja na kutulia. Likiendelea kuyumba, shokapu imekwisha, na springi yoyote mpya itakayofungwa juu yake itazidisha fujo. Springi kazi yake ni kubeba gari, shokapu kazi yake ni kuizuia springi isicheze. Ukikaza springi na kuacha shokapu iliyochoka, umempa mlevi viatu vya mpira.

Baada ya hapo, kipimo. Wengi hupima gari wakasahau kupima njia. Mwenye gari ajue pahali pabaya kuliko pote anapopita kila siku: geti la nyumbani, daraja la mtaro, kona ya sheli, barabara ya mawe yaliyopangwa inayopanda kilimani. Hapo ndipo penye jibu la gari lishuke kiasi gani, wala si kwenye picha za Japani.

Matuta yanastahili hesabu kidogo, maana ndiyo yanayotisha watu na mara nyingi yanatisha kwa sababu isiyo sahihi. Tuta la kitaalamu la mviringo, lile lililobuniwa Uingereza miaka ya 1970, lina kimo cha sentimita 10 lakini limelazwa kwa mita 3.7. Altezza ina mita 2.67 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Likiwa katikati ya tuta la namna hiyo, magurudumu yote manne yanakuwa yameshapanda mteremko, kwa hiyo tumbo linahitaji kama sentimita 5 tu za nafasi, bila kuhesabu springi zinavyobonyea. Mark X, yenye mita 2.85, inahitaji karibu 6. Impreza ya kizazi cha 2000, yenye mita 2.525, inahitaji pungufu ya 5. Sasa linganisha na tuta jembamba la zege au udongo, lile wanalolijenga wakazi wenyewe baada ya bodaboda kugonga mtoto. Kimo ni kilekile cha sentimita 10, ila upana ni wa hatua moja. Gari linasimama likiwa na magurudumu pande mbili na tuta chini ya tumbo, na hapo sentimita zote 10 zinadaiwa. Kinachokwangua ekzosi ni wembamba wa tuta kuliko kimo chake. Kwa hiyo mwenye gari atoke na futi, ahesabu matuta membamba ya njia yake, kisha alinganishe na sehemu ya chini kabisa ya gari lake, ambayo mara nyingi ni kiungo cha ekzosi au kava la chini ya injini.

Kitu cha pili ni pua. Tuseme mdomo wa bampa uko sentimita 17 kutoka ardhini, na sentimita 70 mbele ya mahali tairi linapogusa barabara. Gari hilo linaweza kupanda mteremko wa ghafla wa karibu digrii 14. Likishushwa sentimita 3 zinabaki 11. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mtu ataingia kwenye kivuko cha Kamanga akiwa ametulia au akiwa ameng'ata meno huku kondakta akimwelekeza kwa mikono miwili. Wanaokwenda Sengerema na Geita kwa njia ya Usagara wamepumzika na adha hiyo: Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na mlango wa feri umebaki hadithi upande huo. Kwa magari ya chini lile daraja ni zawadi ambayo hakuna aliyeitaja kwenye hotuba.

Kwa njia za Mwanza, sentimita 2.5 hadi 3 zinamtosha mtu anayekwenda kazini kila siku. Sentimita 4 ni za anayeishi na kufanya kazi kwenye lami tupu, Makongoro hadi uwanja wa ndege na kurudi. Zaidi ya hapo gari linageuka mzigo. Na kipimo kichukuliwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, kabla ya kazi na baada yake. Anayepima kutoka ardhini anapima pia upepo wa tairi na mteremko wa uwanja wa gereji.

Turudi kwenye grainda. Springi ya gari ni waya mrefu wa chuma uliosokotwa, na ugumu wake hutegemea, pamoja na mengine, idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Yenye mizunguko 6 ikikatwa mmoja inabaki na 5, na ugumu wake unapanda kwa asilimia 20. Mtu anaweza kusema hiyo si mbaya, hata springi nyingi za kushushia zinazouzwa madukani zina ugumu wa karibu na huo. Kweli. Tatizo liko kwenye ncha. Springi nyingi zimesawazishwa nchani ili zikae vizuri kwenye kikombe chake, na kipande kilichokatwa ndicho kilichokuwa na umbo hilo. Springi inabaki imesimama kwa ncha, inakula kikombe, inapiga kelele kila usukani unapozungushwa, na gari likinyanyuliwa kwa jeki inalegea ndani ya nyumba yake. Gurudumu likiangukia shimo kubwa kwa kasi, hali ni hiyohiyo ya jeki, ila sasa gari linatembea.

Kuchoma kwa moto ni kubaya zaidi, na bado kunafanyika. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Fundi akikichoma kwa gesi hadi kiwe chekundu, ule ugumu unaondoka, gari linashuka siku hiyo, na linaendelea kushuka kila wiki, upande mmoja kuliko mwingine. Hakuna bei ya chini inayohalalisha kazi hiyo.

Njia ya nafuu yenye heshima ni springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari husika. Eibach ya Ujerumani na Tein ya Japani ni majina yanayofahamika, na springi zao za kawaida hushusha magari mengi kwa sentimita 2 hadi 4. Kwa asiyefikia bei ya mpya, zipo za mtumba kutoka Japani, zinapatikana kwa wauza spea wa Kariakoo na kusafirishwa kwa basi. Ila hapa pana mtego. Altezza ziko mbili zinazofanana sura: SXE10 yenye injini ya silinda nne na GXE10 yenye silinda sita. Uzito wao puani unaweza kutofautiana. Springi za mbele zilizotengenezwa kwa nyepesi zikifungwa kwenye nzito, gari linainamisha pua kuliko ilivyokusudiwa, na mwenyewe anaanza kumlaumu fundi asiye na kosa. Namba iliyochapwa kwenye springi isomwe kabla ya hela kutoka, na kama imefutika rangi yote, muuzaji abaki nayo.

Ugumu ukipanda kwa asilimia 20, mwendo wa gari kudunda unaongezeka kwa asilimia 10 hivi tu. Mwili wa binadamu unalivumilia hilo kwa urahisi. Usichokivumilia ni gari kufika mwisho wa safari ya shokapu. Kila shokapu ina raba ndogo juu ya fimbo yake, ya kuipokea pale springi inapobonyea mno. Tuseme kutoka gari lilipokaa hadi kugusa raba hiyo palikuwa na sentimita 6. Ukishusha gari sentimita 3, umekula nusu. Sasa kila tuta linamalizikia kwenye raba, na abiria anasema springi ni ngumu, kumbe springi haina hatia: gari linakaa juu ya raba. Baadhi ya springi fupi zinakuja na maelekezo ya kupunguza raba hiyo kwa kiasi fulani, na maelekezo hayo yafuatwe kwa kisu na rula. Kuitoa kabisa ni kuvunja shokapu kwa mikono yako mwenyewe.

Ni vyema kukumbuka kwamba Impreza ile ambayo vijana wanaitaka chini ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya 1997, Colin McRae akiwa kwenye usukani, na tena mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Magari ya Safari yalinyanyuliwa, yakapewa safari ndefu ya springi. Wale jamaa walijua kwamba kwenye barabara za Afrika Mashariki kasi inatoka kwenye nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka. Anayeshusha gari lake anaitoa nafasi hiyo kwa hiari. Basi aitoe kwa ubahili.

Shokapu mpya za kawaida, kama zile za KYB zinazojulikana na kila fundi nchini, zinakubaliana na springi iliyoshuka sentimita 2.5 bila ugomvi mkubwa. Za mtumba zinaweza kufaa, zikipimwa vizuri. Fimbo isukumwe hadi mwisho kwa mkono: iingie kwa uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mahali popote. Ya gesi itarudi yenyewe polepole. Fimbo yenye vidoa vya kutu itaichana sili ndani ya miezi, na shokapu yenye mafuta yaliyoshika vumbi shingoni imeshakufa hata kama muuzaji ameifuta. Zinunuliwe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja.

Kuna watakaouliza habari za koilova, zile shokapu na springi za kurekebisha kimo. Zinavutia kwa sababu unazungusha pete na gari linapanda au kushuka, na zile bora zinashusha gari bila kula safari ya shokapu. Za bei ya chini zinakuja na springi za kilo 6 hadi 8 kwa kila milimita, wakati springi nyingi za kiwandani za magari ya ukubwa huu ni kilo 2 hadi 4. Hiyo ni springi ya uwanja wa mashindano. Barabara ya mawe ya kupanda Isamilo itakueleza habari zake kabla hujafika nusu ya kilima. Vumbi na matope nayo yanashika nyuzi za zile pete mpaka zinagoma kuzunguka, na marekebisho uliyoyalipia yanabaki kwenye karatasi ya boksi. Mwenye bajeti ndogo aachane nazo.

Hela igawanywe vipi? Katika kila shilingi kumi, nne ziende kwenye shokapu na raba zake za juu, tatu kwenye springi, mbili kwenye bushi na boljointi, moja kwenye ufundi wa mwisho na alaimenti. Watu wengi hutoa tisa kwa springi na rimu, halafu wanakopa ile ya kumi.

Ufundi wa mwisho una jambo moja dogo ambalo gereji nyingi hulikosea, na halihitaji hata senti. Bushi ya amu si kipande cha raba kinachozunguka. Raba imegandishwa kwenye bomba la chuma ndani na nje, na amu inapopanda na kushuka, raba hujisokota kisha kurudi. Fundi akizikaza nati gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, bushi inafungwa ikiwa kwenye pozi ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, kila raba inakuwa imesokotwa muda wote, mchana na usiku, hata likiwa limeegeshwa. Linakaa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, linakuwa gumu, na bushi mpya zinachanika kabla ya mvua nyingine. Njia sahihi: nati zifungwe kwa mkono tu, gari lishushwe lisimame kwa uzito wake kwenye magurudumu, lisukumwe mbele na nyuma mara kadhaa, ndipo spana iingie. Kwenye shimo la gereji hiyo ni nusu saa. Mwenye gari asimame hapo aone. Akiambiwa, “Bosi, tutakaza hukuhuku juu, ni kitu kilekile,” akatae kwa upole na asubiri.

Jambo jingine la kusimamia ni klampu za kubania springi wakati wa kuitoa kwenye shokapu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Fundi anayebana kwa waya au kamba asipewe kazi hiyo.

Alaimenti haina mjadala. Gari likishuka, pembe za magurudumu zinabadilika, na watu hutazama lile linaloonekana, magurudumu kuinamia ndani kwa juu. Linalokula tairi kwa kasi zaidi ni magurudumu kutazama ndani au nje. Tofauti ya milimita 3 kati ya mbele na nyuma ya tairi za upande wa kulia na wa kushoto inatosha kulifanya kila tairi liburuzwe kando zaidi ya mita 2 kwa kila kilomita moja. Nenda Musoma urudi, ufanye hesabu mwenyewe.

Na tairi zenyewe ndizo springi ya kwanza ya gari. Ukuta wa 205/55R16 una kimo cha kama milimita 113. Ukuta wa 225/45R17 ni 101. Wa 225/40R18 ni 90. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana katika hizo tatu, ila hewa inayopokea pigo la shimo inapungua kwa zaidi ya sentimita 2 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Anayeshusha gari na papo hapo kupandisha rimu kutoka 16 hadi 18 amelikaza mara mbili. Kwa Mwanza, rimu za 17 ndizo mpaka, na za 16 zenye tairi nzuri ni akili zaidi ingawa hazipigwi picha. Upepo ujazwe kulingana na kibandiko cha mlangoni kama saizi ni ileile ya kiwandani. Mazoea ya kujaza mpaka tairi liite kama ngoma yanafuta kazi yote ya shokapu.

Mzigo nao usisahaulike. Gari lililopimwa likiwa na dereva peke yake litakuwa gari jingine siku ya safari ya Desemba, watu watatu nyuma na gunia la dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenye buti. Kabla ya kulipa, mwenye gari awapakie mafundi wenyewe kiti cha nyuma, apite tuta jembamba lililo karibu, kisha atazame fenda za ndani kama kuna alama ya tairi kusugua. Msimu wa mvua, barabara za bondeni kando ya Mto Mirongo zinapofurika, sentimita 3 zilizotolewa zinahesabika pia kwenye kimo cha maji, na kwa gari la chini jibu huwa kuzunguka njia nyingine. Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake mapema kuhusu mabadiliko hayo, maana barua ni rahisi kuliko ubishi baada ya ajali. Taa za mbele zipimwe upya vilevile, kwa sababu pua na mkia havishuki kwa kiasi sawa.

Springi mpya hukaa kidogo baada ya kufungwa, milimita chache tu. Gari likishatembea kama kilomita 500 lirudi gerejini: lipimwe tena kutoka katikati ya gurudumu hadi fenda, nati za juu za shokapu zikaguliwe kwa spana, na alaimenti iangaliwe upya. Kama upande mmoja umeshuka kuliko mwingine kwa zaidi ya sentimita moja, cha kutazamwa kwanza ni kama springi imekaa sawa kwenye kikombe chake, na kama za kushoto na kulia hazikubadilishana mahali.